Mkwe Ndani ya Gari la Jael

Tuliachana mguu wa kulia wa Jael Navalayo ukiwa ndani ya gari na wa kushoto ungali kwenye nyasi za boma lake, huko Bukura. Na ndani ya gari, kiti cha nyuma, mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kupigwa picha, alikuwa ameketi Shikanga. Shikanga mume wa Gentrix, binti yake wa pekee. Mkwe wake mwenyewe.

Wiki nzima mmeniuliza alifanya nini. Mmoja ameniletea ujumbe kutoka Matete kwamba angeingia tu, dunia imebadilika. Wewe wa Matete, una mkwe? Kama unaye, hebu niambie mara ya mwisho mlipobanana kiti kimoja ilikuwa lini. Ukinyamaza nitajua jibu.

Jael aliutoa mguu. Aliutoa polepole, akavuta leso mpaka karibu na macho, akageuka kuitazama migomba yake kana kwamba ndiyo iliyomwita.

Shikanga naye hakungoja kufukuzwa. Alifungua mlango wa upande wa pili, akatoka, akaenda kuchuchumaa nyuma ya gari karibu na bomba la moshi. Sammy, dereva aliyekodiwa pamoja na gari lake jeupe, alizima injini. Ni mtu wa huku huku, hakuhitaji kuelezwa. Alichukua kitambaa akaanza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, kwetu mama na mkwe wake hawali meza moja, hawapeani mkono, hawapandi gari moja. Si chuki. Ni heshima, na heshima hii ina umbali wake. Zipo njia za kuupunguza: mkwe alete blanketi na mbuzi, wazee waketi, mama asalimiwe kwa mkono mbele ya mashahidi. Shikanga hajaleta hata kwato. Alioa mbio mbio wakati wa likizo ya Gentrix, bibi arusi akarudi kazini Doha, na blanketi likawa la kesho na kesho kutwa hadi leo.

Kilichouma zaidi ni kwamba safari hii ilikuwa ya Jael. Ni yeye aliyeipanga na ni yeye aliyeilipia.

Tangu Masinde, mumewe, afariki, mama huyu anaishi peke yake. Anapika obusuma ya mtu mmoja, na sima ya mtu mmoja ni ngumu kupika, kila mara hubaki. Huzungumza na kuku. Jioni hukaa mlangoni na simu mapajani, akingoja iite, na simu za Gentrix zimekuwa zikipungua mwaka hadi mwaka. Halafu Gentrix akaja likizo, na Jael akadhani upweke umekwisha. Wapi! Boma lilijaa watu wa kuja kumwona mgeni, asubuhi mpaka jioni, na mwenye mgeni akawa jikoni na moshi wake. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hao hawakutuambia ni nani atakayepika.

Ndipo Jael akaufikiria msitu wa Kakamega. Hakuufikiria kwa ajili ya nyani wala ndege. Kilichompendeza ni kiingilio. Mahali pa kulipa mlangoni, majirani hawafuati.

Basi aliuza majogoo yake, akaipanga bajeti kichwani huku akigeuza sima. Gari na dereva. Petroli. Kiingilio cha watu wawili, yeye na Gentrix, kwa bei ya mwananchi. Ada ya gari langoni. Mwelekezi wa kuwatembeza. Chakula cha hotelini alikikataa katakata, akasema hatamlipa mtu kumpikia binti yake. Alichinja kuku mwenyewe, akamchemsha, akamfunga na obusuma ndani ya kikapu. Tena akatenga na akiba ya dharura, kwa sababu alisikia redioni kwamba kila msafiri awe nayo. Dharura aliyoiwaza ni pancha. Mkwe hakumwaza.

Bahati ikaonekana kumwangukia. Jana yake Sammy alimwambia asihangaike na petroli, Gentrix amekwisha kulijaza tangi mpaka pomoni. Tangi zima, kutoka Bukura kwenda msituni na kurudi! Mtu mwingine angeuliza. Jael alifurahi tu kwamba ameokoa kitu, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye mkono wazi.

Turudi bomani. Gentrix alitoka nyumbani na begi begani, akaona mama anatazama migomba, mume amechuchumaa, dereva anapangusa kioo. Alielewa mara moja, na nadhani alikuwa amelitarajia.

"Mama, hii ni gari tu," alisema. "Atakaa mbele na Sammy. Wewe utakaa nyuma na mimi."

"Mbele ni nje ya gari?" Jael aliiuliza migomba.

Kutoka kwenye bomba la moshi Shikanga alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye atabaki. Gentrix akamjibu kwa ukali kwamba haiwezekani, lazima aje. Hilo neno "lazima" Jael alilisikia vizuri. Lilimkata. Siku moja tu, siku ambayo ameiuzia majogoo, na mtoto wake hawezi kukaa bila mume hata siku hiyo moja?

Kumwacha Shikanga pale bomani nako hakukuwezekana. Mkwe aketi peke yake nyumbani kwa mama mkwe, afanye nini, ahesabu sufuria? Na kumrudisha kwao Mumias kungekula nusu ya siku.

"Mwambie mume wako simkatai," Jael alisema mwishowe. "Mwambie nampenda, ni mtoto wangu. Lakini siingii."

Aliufungua mfuko wa akiba ya dharura, akampigia Umar wa boda boda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, msomaji wangu. Gari ambalo Jael alilikodi lilitoka bomani likiwa na mkwe ndani, na Jael mwenyewe akalifuata nyuma kwa pikipiki, kikapu mapajani, leso imefungwa kidevuni kuzuia upepo. Mvua ilikuwa imenyesha na magurudumu ya gari yalimrushia matope. Sammy alijitahidi kwenda polepole, maskini, lakini gari ni gari.

Njia nzima Jael alitazama kioo cha nyuma. Alikiona kisogo cha binti yake. Aliona kisogo hicho kikiinamia bega la mume na kubaki hapo. Mara moja Gentrix aligeuka akapunga mkono, na Jael akaupunga wake haraka sana hata kikapu kikataka kuanguka.

Umar alivumilia mpaka wakafika Khayega, kisha akauliza. "Mathe, kwani hii safari ni ya nani?"

"Ni yangu."

Umar alikwepa dimbwi, akaendelea kulifuata gari.

Langoni hawapokei pesa taslimu, na Jael alikuwa amekwisha kulipa kwa simu tangu juzi, akisaidiwa na mwalimu mmoja jirani. Kwa hiyo alijua fika tatizo litakuwa nini: wamelipiwa wawili, na sasa wako watatu. Alisimama kando akifikiria achomoe wapi. Akitoa pesa ya Umar, atarudije nyumbani? Akikata ya mwelekezi, watatembezwa na nani? Bajeti ni kama blanketi dogo, ukifunika miguu kichwa kiko nje.

Karani wa langoni alitazama simu yake akasema hakuna shida, wote watatu wamelipiwa. Bwana Shikanga alijilipia mwenyewe jana mchana.

Jana mchana!

Jael aliyasikia hayo akiwa ameipa kisogo familia yake, kwa sababu ya mkwe, na ni vizuri kwamba uso wake haukuonekana. Kwa hiyo Shikanga hakurukia gari asubuhi kwa tamaa ya matembezi. Walipanga. Walijua jana kwamba anakuja, wakajua mama hatapanda naye, na hakuna aliyemwambia. Alijisikia mjinga. Alijisikia kama yule shangazi wa harusini anayealikwa kwa sababu ya sufuria zake kubwa. Bado alisema asante kwa karani, akachukua kikapu, akaingia msituni. Umar alibaki langoni na pikipiki yake.

Mwelekezi alikuwa mwanamke mchangamfu anayeitwa Nabwire, na naapa alikuwa anaijua kazi yake. Ila njia ya msituni ni nyembamba, na Jael alilazimika kumwacha mkwe atangulie mbali ndipo afuate. Mbele Nabwire, nyuma yake Gentrix na Shikanga, halafu nafasi kubwa tupu, halafu mama na kikapu chake. Maelezo yalimfikia vipande vipande. Akasikia "gome lake ni dawa ya" halafu ndege wakapiga kelele, na mpaka leo hajui ni dawa ya nini. Yeye ndiye aliyemlipa mwelekezi.

Mbega walikuwepo. Wamekaa juu kabisa, weusi, manyoya meupe yakining'inia mabegani, na mmoja alimtazama Jael kwa muda mrefu. Masinde alikuwa mkata miwa Mumias, na kila Disemba aliahidi kwamba mwakani atamleta kuwaona wanyama hawa ambao wazungu huvuka bahari kuwafuata. Mwakani ilikuja mara nyingi, kisha Masinde akaondoka. Jael alimwambia mbega yule, kwa Kiluhya, kwamba amefika. Hakukuwa na mwingine wa kumwambia, na hapo machozi yalimtoka kweli, nisiwafiche.

Alipofuta macho alimwona Gentrix amesimama njiani, peke yake, akimngoja.

Nanyi mnaosema mimi hupenda kuwatesa watu wangu, someni hapa. Nimempa Jael dakika zake. Gentrix alimshika mkono, wakatembea wawili. Mkono wa binti ulikuwa baridi. Alimwuliza mama kuhusu goti lake, kuhusu bati linalovuja, na kama yule mbwa mzee bado anaogopa radi. Maswali ya mtu anayetaka kukumbuka. Jael alijibu yote, moyo ukimpanda, kwa maana yeye pia alikuwa na swali lake moja, na ni kwa ajili ya swali hilo aliuza majogoo.

"Genti," alisema, "tangu ukuje nakuonanga kwa mlango ya jikoni tu. Nataka uniambie. Utarudi nyumbani lini? Kurudi ya kukaa."

Gentrix alisimama. Alilifungua begi, akatoa sweta lake jipya, akamvisha mama juu ya leso, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni kama mtu anayemvalisha mtoto wa shule.

"Umenipa siku nzuri, Mama," alisema.

"Siku haijaisha. Hata hujakula. Kuku, ingokho yako, iko hapa kwa kikapu."

Gentrix alisema kichwa kinamgonga, anarudi langoni kutafuta maji, hatakawia. Nabwire, aliyekuwa amerudi na Shikanga kuwaangalia, alisema mgeni haruhusiwi kutembea peke yake humu, itabidi amsindikize, na hawa wawili wangoje hapo hapo bila kusogea. Aliwaonyesha mti mkubwa ambao mizizi yake imeinuka kutoka ardhini kama kuta. Kisha wanawake hao wawili wakaondoka. Gentrix hakugeuka nyuma.

Mama na mkwe wakabaki.

Ungewaona ungecheka kabla ya kulia. Jael alienda upande huu wa mti, Shikanga akaenda ule. Jael akikohoa, Shikanga alisogea ili asionekane. Shikanga akisogea, Jael alijifunika. Waliuzunguka mti ule kidogo kidogo mpaka kila mmoja akapata ukuta wake wa mzizi, wakatulia, mgongo huku na mgongo kule.

Muda ukapita. Msitu ukanyamaza kama unavyonyamaza kabla ya mvua. Jael aliweka kikapu chini, akakinyanyua, akakiweka tena. Ndipo sauti ilipotoka upande wa pili wa mti, sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa hiyo haijawahi kumsemesha moja kwa moja.

"Mama. Nisamehe kwa kukuongelesha."

Jael aligeuka akautazama mti. Hakujua kama inaruhusiwa kujibu mti.

"Hajaenda kutafuta maji," Shikanga alisema. "Anaenda Kisumu, uwanja wa ndege. Ndege yake ni leo."

"Likizo yake inaisha mwezi ujao," Jael alisema, akasahau kabisa kwamba haruhusiwi.

"Harudi Doha, Mama. Amepata kazi Kanada. Huko ni kukaa. Sanduku lake tulilitia kwa gari jana usiku, liko nyuma, limefunikwa turubai."

Hapo tangi lililojaa likaingia mahali pake. Jael aliliona tangi lile, akaiona furaha yake ya jana na shukrani aliyompa Mungu, akaketi juu ya mzizi. Petroli ile haikuwa ya msituni. Tangu jana gari lake lilikuwa na safari mbili, na yeye alialikwa katika moja.

Aliuliza kwa nini. Shikanga alimweleza kwa upole, kidogo kidogo. Gentrix aliogopa kuaga. Mara ya mwisho Jael alilala chini mbele ya gari lililompeleka, barabarani, mbele ya watu, nusura ndege imwache. Safari hii Gentrix aliapa kwamba hataweza kuyapitia tena. Aliona afadhali ampe mama siku moja nzuri na aondoke katikati yake, kabla haijaharibika.

Ni kweli alilala barabarani, msomaji. Sina la kumtetea. Mtu aliyezaa mmoja hufanya mambo.

"Na wewe?" Jael aliuliza.

"Mimi nimeambiwa ningoje karatasi."

"Utaenda lini?"

"Nimeambiwa ningoje, Mama. Ananiambianga ni muda mfupi. Sijui kama yeye mwenyewe anaamini."

Jael alilisikiliza jibu hilo kwa makini. Alilijua. Ndilo jibu analopewa yeye kila Krismasi, kwa simu, na kila mara huweka sahani ya pili mezani kwa kulikumbuka.

"Saa hii wewe ulipaswa kuwa wapi?" aliuliza.

"Ndani ya gari. Ndiyo maana nilikuja. Nimsindikize, nimuage pale uwanjani."

"Sasa mbona hukuenda?"

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye jani, kisha la pili.

"Nani angebaki na wewe?"

Mkwe huyu ambaye asubuhi alimwona mwizi wa siku yake ameitoa siku yake mwenyewe ili mama asiachwe msituni na mtu wa kulipwa. Hakuna desturi iliyomfundisha Jael namna ya kumshukuru mkwe.

Nabwire alitokea njiani, peke yake, uso umemshuka. Alisema binti ameingia garini na gari limeondoka. Akaongeza, akiona haya, kwamba alipewa pesa juu ya ada yake ili amzungushe mama njia ndefu, mpaka alasiri, asije akatoka mapema. Aliitoa noti mfukoni akataka kumkabidhi Jael. Jael alimwambia akae nayo, ila awaonyeshe njia fupi.

Walikimbia. Goti ambalo Gentrix aliliulizia lilikimbia pia. Jael alipiga simu akikimbia, ikaita mara moja ikakatwa, akapiga tena, haikuita kabisa. Walipotoka langoni mvua ilikuwa imeanza sawasawa. Maegesho yalikuwa matupu, alama za magurudumu ya Sammy zikijaa maji.

Ilibaki pikipiki moja. Umar alikuwa amejikunyata chini ya paa la karani, na alipowaona wawili wamesimama pale, kila mmoja akitazama upande wake, alijua kuna neno.

"Ni mmoja ama ni wawili?" aliuliza.

Shikanga aliyasema maneno yake kwa lango, si kwa Jael. Alisema mama aende. Ndege bado, akienda sasa hivi atampata Gentrix njiani, yeye atatafuta namna ya kurudi Mumias. Alisema amwambie tu kwamba... Alisimama kwenye mvua, shati limemganda mgongoni, akiitazama barabara.

Jael alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya Umar. Alikuwa na kila haki ya kwenda. Mtoto ni wake, pikipiki ameilipia yeye, na desturi iko upande wake mia kwa mia. Lakini aliutazama mgongo ule na akaufahamu. Ni mgongo wa mtu anayeachwa akiangalia njia. Yeye amekuwa mtu huyo tangu Gentrix aondoke mara ya kwanza, na hakuna aliyewahi kugeuza gari kumrudia.

Alisogea mbele, akabanana na Umar. Alikichukua kikapu cha kuku, akakisimamisha nyuma yake juu ya kiti, akakishikilia kwa mkono mmoja.

"Panda, mkwe wangu," alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama akisema naye. "Kikapu kitakaa katikati."

Nabwire aliziba mdomo kwa kiganja. Karani alitoka nje kabisa kwenye mvua ili aone vizuri. Shikanga alipanda kama mtu anayekanyaga mayai, akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili ili asimguse mtu, na Umar akatia gia. Hivyo ndivyo walivyotoka msituni: Umar mbele, mama, kuku wa kuchemshwa, mkwe.

Njiani wanawake waliokuwa wakirudi sokoni walisimama. Mzee mmoja alivua kofia, sijui kwa heshima au kwa mshtuko. Mvua iliwapiga usoni, na kila shimo lililowarusha lilikisukuma kikapu kwenye uti wa mgongo wa Jael. Hakulalamika. Alikuwa anaomba kitu kimoja tu, barabara izibwe.

Mungu humsikia mama. Walipoinuka kilima cha mwisho kabla ya Khayega waliona foleni. Trekta la miwa lilikuwa limekata kona vibaya pale kwenye barabara kuu, tela limelala, miwa imezagaa lami yote, na watu walikuwa wanaiondoa mikono kwa mikono. Gari jeupe la Sammy lilikuwa la pili kutoka mbele.

Foleni ni ya magari. Umar alipita pembeni, juu ya nyasi, akasimama usawa wa dirisha la nyuma.

Gentrix alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua alimwona mama yake amelowa chapachapa ndani ya sweta jipya, na nyuma ya mama, juu ya kiti hicho hicho, mume wake. Alitazama mmoja, akatazama mwingine, akatazama kikapu kilichokuwa kati yao. Uso wake ulivunjika.

Jael alikuwa na maneno mengi njia nzima. Alikuwa ameyapanga kama alivyoipanga bajeti. Hakulala barabarani. Hakulia. Alikinyanyua kikapu, akagonga kioo nacho mara moja.

"Genti," alisema, "hujala."

Mbele, watu walipiga kelele ya furaha. Muwa wa mwisho uliondolewa, gari la kwanza likapita, na barabara ya Kisumu ikawa wazi. Honi zililia nyuma. Sammy alimtazama Gentrix kwenye kioo cha ndani, mguu mmoja juu ya mafuta na mwingine juu ya breki, akingoja kuambiwa.